Shamba la uwanda: mwongozo kamili wa kupanda kwenye ardhi ya mawe na changarawe bila mimea kufa mvua ikikatika

Kila masika yakimalizika napata simu na meseji za aina moja. Mtu kapata kipande cha ardhi huku mashariki ya Unguja, Matemwe, Uroa, Jambiani, au kule Micheweni Pemba, kafyeka kote, kaondoa mawe yote, kalima na kupanda tungule (nyanya) na mapapai. Mvua ilipokuwepo shamba lilikuwa kijani mpaka majirani wanakuja kutazama, mvua imekatika wiki ya pili mimea imelala, ya tatu imekauka, na sasa anauliza apige dawa gani. Hakuna dawa jamani. Si wadudu wala si mbegu.

Kosa ni moja na mimi mwenyewe nililifanya mwaka wa kwanza, ardhi ya uwanda tunaitendea kama shamba la Mwera au Kizimbani ambako jembe linazama lote. Huku hulimi shamba, unalima shimo moja moja, na sehemu iliyobaki unaiacha ifanye kazi nyengine. Hatua zote za hapa chini zinatokana na hilo.

## Tuelewane maneno kwanza

Uwanda nikisema namaanisha zile tambarare wazi, majani mafupi, vichaka hapa na pale, udongo mwembamba umechanganyika na changarawe na chini yake jiwe la matumbawe. Maweni ni pale jiwe lenyewe linapotokeza juu. Kinongo ni ule udongo mwekundu unaojikusanya kwenye mashimo na nyufa za jiwe. Mara nyingi kipande kimoja kina vyote vitatu, ndo maana mtu anaharibikiwa, analima kama kwamba kote ni sawasawa.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Mtaimbo, huu ndio jembe lako huku. Chagua mzito wenye ncha nzima.
- Sururu, pauro na panga. Jembe la mkono litafanya kazi ndogo tu.
- Karai na ndoo mbili za lita 10.
- Kipande cha wavu, ule wa madirishani unatosha.
- Siki kidogo ya jikoni, au ndimu.
- Vijiti vya kuweka alama, visipungue hamsini.
- Samadi ya ng'ombe au mbuzi iliyokwisha oza, si mbichi. Hesabu ndoo mbili kwa kila shimo kubwa na nusu ndoo kwa shimo dogo.
- Makumbi ya nazi, na makuti au majani makavu ya kufunikia.
- Chupa tupu za maji za lita moja na nusu.
- Viatu vya kufunika mguu na glavu ngumu. Usiende na ndara, jiwe la matumbawe linakata kama wembe na kidonda chake hakiponi haraka.

Na jengine ambalo halinunuliwi, nenda kwa sheha wa shehia yako kabla hujafyeka. Ardhi nyingi za uwanda watu wanazitumia kwa kuni, malisho na kulima kwa zamu hata kama wewe unaziona tupu, na kukata miti ya msituni kunataka kibali. Ukiruka hapa utakuja kugombana na wenyeji ukiwa umeshatoa jasho.

## Hatua ya 1: Pima kina kwa mtaimbo

Hii ndiyo hatua watu wote wanairuka na ndiyo inayoamua kila kitu, kwa hiyo nitaieleza kwa urefu.

Subiri siku mbili tatu baada ya mvua, udongo ukiwa umelainika. Simama pembe moja ya kipande chako, nenda moja kwa moja, kila hatua moja ya mguu pigilia mtaimbo chini mara moja kwa nguvu ya kawaida. Skiza na tazama. Ukilia "ki!" na kurudi juu, hapo jiwe liko karibu. Ukikwaruza kwaruza kisha ukazama kidogo, hiyo ni changarawe. Ukizama kimya bila kelele, hapo pana kinongo, chomeka kijiti.

Ukifika mwisho rudi kwa mstari mwengine pembeni, kama hatua mbili kutoka ule wa kwanza, mpaka umalize. Kipande cha robo eka kinachukua asubuhi moja. Usichoke, asubuhi hiyo inakuokolea msimu mzima.

Kisha zigawe alama zako hivi:

Chini ya shibiri moja (kama sentimita 20 na kidogo): usipande chochote cha kumwagilia. Hapo ni pa majani na malisho.

Shibiri moja hadi dhiraa moja (hadi sentimita 45 hivi): kunde, choroko, mtama, uwele, maboga, matikiti.

Zaidi ya dhiraa: mapapai, muhogo, mbaazi, pilipili, tungule, pasheni.

Kwa nini kina ndio kila kitu? Tufanye hesabu kidogo. Udongo mzuri wa kawaida wenye kina cha mita moja unaweza kushika kama milimita 150 za maji ambayo mmea unaweza kuyanywa. Mboga kwenye jua letu inatumia kama milimita 4 hadi 5 kwa siku, kwa hiyo udongo huo unaibeba karibu mwezi mzima bila mvua. Sasa chukua uwanda, kina sentimita 20, na nusu yake ni mawe. Hapo umebaki na milimita 15 tu, yaani siku tatu au nne na maji yamekwisha. Mmea unajikaza kidogo, unaangusha majani, wiki ya pili umekwenda. Mvua Unguja inanyesha kama milimita 1,600 kwa mwaka, si haba hata kidogo, shida yetu ni kwamba haina pa kukaa.

Mafanikio ya hatua hii: ukisimama kwenye pembe unaona vijiti vimejikusanya makundi makundi, siyo vimetawanyika sawasawa. Hayo makundi ndiyo shamba lako. Usivunjike moyo yakiwa machache, mashimo thelathini mazuri yanalisha nyumba kuliko robo eka ya kukauka.

Tazama na majani pia. Mahala majani yanabaki kijani wiki moja zaidi ya kwengine baada ya mvua kukatika, chini pana kina au pana ufa wenye udongo. Mama mmoja jirani yangu kusini, mtu mzima sana, nilipomwamkia siku ile ananikuta napigapiga mtaimbo kaniambia "marahaba mwanangu, sisi tunangoja Juni tunatazama pasipogeuka rangi, ndo tunapapanda." Nilikwenda Juni kutazama, pale alipoonesha kwa kidole ndipo mtaimbo ulipozama.

## Hatua ya 2: Jua changarawe ni kiasi gani

Chimba udongo kutoka sehemu tatu zenye vijiti, ukaushe juani, jaza kopo moja. Umwage kwenye wavu uchekeche, na mabonge yavunje kwa vidole kwanza maana bonge la udongo si jiwe. Kitaalamu changarawe ni chembe yoyote inayozidi milimita 2, wavu wa dirishani una matundu madogo kidogo kuliko hayo lakini kwa kazi yetu unatosha.

Rudisha koponi kile kilichobaki juu ya wavu. Kisipofika theluthi ya kopo uko vizuri. Kikiwa kati ya theluthi na theluthi mbili, hapo ndipo uwanda mwingi ulipo, panda lakini ongeza samadi na funika ardhi bila kukosa. Kikizidi theluthi mbili, mimea ya msimu achana nayo, hapo weka miti au malisho.

Onyo: usiseme basi nitachekecha shamba zima nitoe mawe yote. Nimeona mtu kaajiri vijana wiki mbili wakachekecha. Udongo uliobaki ulikuwa mdogo kuliko alivyodhani, ukakaa juu wazi, jua likaukausha na mvua ya kwanza kubwa ikauchukua ukaingia kwenye nyufa. Zile changarawe za juu zilikuwa zinauzuia usichukuliwe na zinapunguza maji kupanda na jua. Hata jiwe lenyewe la matumbawe lina vitundu vinashika maji kidogo. Toa yale makubwa yanayozuia mizizi, mengine yaache.

## Hatua ya 3: Jaribu maji, na jaribu siki

Kwenye kila kundi la vijiti chimba shimo moja la majaribio, sentimita 30 kila upande. Mwagia ndoo moja ya lita 10, ngoja iishe, mwagia ya pili na hii ya pili ndiyo unayoihesabu.

Ikimezwa ndani ya dakika mbili tatu, chini pana ufa na maji yanakimbia moja kwa moja. Shimo hilo litahitaji kuzibwa (nitasema vipi). Ikichukua nusu saa hadi masaa machache, alhamdulillahi, hilo ndilo shimo la papai. Kama kesho asubuhi maji bado yapo, umekuta bakuli la jiwe, na hapo papai litakufa kwa kuoza mizizi hata kama shamba zima limekauka, papai halivumilii kusimama kwenye maji hata siku mbili. Jaribu kupasua chini kwa mtaimbo, isipopasuka liache hilo shimo.

Sasa siki. Chukua kiganja cha udongo mkavu, dondoshea siki au kamulia ndimu, weka karibu na sikio. Ukisikia unachemka na kutoa povu, una chokaa nyingi. Uwanda mwingi utachemka, ni kawaida maana jiwe la matumbawe lenyewe ndo chokaa. Lakini hili lina matokeo matatu ambayo lazima uyajue:

Kwanza, usitie majivu wala chokaa. Kuna ushauri unazunguka sana kwamba majivu ni mbolea, na kwenye udongo mchachu wa mikarafuuni yanaweza kusaidia kweli, lakini huku unaongeza tatizo lile lile ulilonalo.

Pili, mimea itakosa madini ya chuma na zinki hata kama yamo ardhini, chokaa inayafungia. Utaona majani machanga ya juu yanakuwa manjano huku mishipa yake imebaki kijani. Watu wakiona hivyo wanatia mbolea ya yuria, haisaidii. Samadi iliyooza vizuri ndiyo inayofungua.

Tatu, yuria ukiimwaga juu ya udongo wa namna hii inageuka hewa inaondoka, unanusa harufu kali kama ya chooni, hiyo ni pesa yako inapaa. Ukiitumia ifukie vidole viwili chini na umwagilie hapo hapo.

## Hatua ya 4: Fyeka bila kuchoma

Najua huku tumezoea kukata, kuacha ikauke na kutia moto. Kwa mwaka mmoja inapendeza, shamba linakuwa safi na mazao ya kwanza yanatoka vizuri. Lakini moto unaondoa majani yote ambayo ndiyo yangekuwa udongo wako, unabakisha majivu (tumeshasema), na mwaka wa pili wa tatu unaona mawe yameongezeka. Mawe hayajaongezeka, ni udongo umepungua.

Fyeka, kata vipande vidogo, vilaze pale pale kando ya vijiti. Acha miti mikubwa ikiwemo, mkwaju, mbuyu, mwarobaini, na vichaka vya pembeni upande wa bahari. Upepo wa kusi ukianza unarusha chumvi mpaka ndani, na ukiwa karibu na pwani bila kichaka cha kukinga utaona majani ya mimea yanaungua pembezoni kama yamepitishwa motoni.

Onyo: usiwashe moto wowote wakati wa kaskazi, Disemba hadi Februari. Majani ya uwanda yanashika haraka, moto unaingia msituni na kuuzima kwenye mawe ni shida kubwa.

## Hatua ya 5: Panga mawe yakufanyie kazi

Mawe makubwa jenga ukuta wa kiuno kuzunguka sehemu yenye mashimo, bila saruji, jiwe kubwa chini na dogo juu. Ukuta huu unazuia mbuzi na unakata upepo. Tengeneza na mlango mwembamba wa kuziba kwa miba.

Mawe ya ngumi unayapanga nusu duara, kama mwezi mchanga, upande wa chini wa kila shimo ambako maji yanaelekea. Ardhi ya uwanda inaonekana tambarare lakini mvua ikinyesha simama utazame, maji yana njia zake. Ile nusu duara inayakamata na majani makavu na udongo mzuri vinajikusanya hapo. Mwaka wa pili utachota udongo mweusi pale ambao hukuuleta wewe.

Changarawe ndogo weka pembeni, tutazitumia Hatua ya 8.

Onyo: usitie mkono chini ya jiwe bila kuligeuza kwanza kwa mtaimbo. Nge na tandu wamo, na nyoka wamo.

## Hatua ya 6: Chimba na jaza mashimo Januari, si Machi

Watu wanangoja mvua ndo wachimbe. Mwisho wa Januari mashimo yako yawe yamekwisha, ili samadi ipate wiki sita saba za kutulia kabla ya masika. Samadi isiyotulia inaunguza miche na inaita mchwa.

Shimo la papai ni sentimita 60 upana na 60 kwenda chini, ukiweza. Ukikuta jiwe sentimita 45 usiue mgongo, tanua upana. La tungule na pilipili ni 30 kwa 30. Udongo mwekundu unaoutoa weka upande mmoja na mawe upande mwengine, usichanganye.

Jaza hivi:

1. Kama shimo lilimeza maji kwa dakika mbili, shindilia chini kwanza udongo mwekundu uliolowanishwa ukawa kama unga wa maandazi, unene wa vidole vinne. Hii inaziba ufa bila kuuziba kabisa.
2. Panga makumbi ya nazi safu moja, tumbo likitazama juu kama vikombe. Yanashika maji kama sponji na mizizi inayapenda.
3. Changanya udongo mwekundu na samadi, ndoo mbili za samadi kwa shimo la papai. Jaza.
4. Acha pabaki wazi kiganja kimoja kutoka juu, shimo liwe kama sahani. Kwenye mlima tunapanda juu ya tuta, huku tunapanda ndani ya sahani, ni kinyume kabisa.

Onyo kubwa, na hili limewaumiza wengi vijiji vya pwani: usichukue makumbi yale yaliyofukiwa pwani kwa ajili ya kamba. Yale yamekaa miezi ndani ya maji ya bahari, yamejaa chumvi. Ukiwa huna mengine, yatandaze juani yapigwe na mvua msimu mzima kwanza. Na mwani uliotupwa ufukweni vivyo hivyo, usiutie shimoni haujaoshwa na mvua.

Mafanikio: mwezi mmoja baadae shimo limezama kidogo, ukilichokonoa unanusa harufu ya udongo wa msituni siyo ya zizini.

## Hatua ya 7: Chagua kinachopapenda mahala

Mikarafuu, minanasi, majimbi, mpunga, migomba ya shamba zima, hivi si vya uwanda. Mnanasi unataka udongo mchachu na huku ni chokaa, na migomba inataka kina na maji. Mtu akikuuzia miche ya karafuu uipande Paje, mwambie hapana asante.

Kunde ndiyo ya kuanzia. Inakomaa kwa siku 60 hadi 80 hivi, inatia naitrojeni ardhini, majani yake ni mboga, na inafunika udongo. Choroko iko karibu na hapo. Mwaka wa kwanza kama huna uzoefu panda kunde tu kwenye mashimo yote madogo, utajifunza shamba lako kwa gharama ndogo.

Mtama na uwele vinastahamili ukame kuliko mahindi kwa mbali sana. Ndege watakusumbua wakati wa kukomaa, kwa hiyo panda wakati mmoja na majirani ili ndege wagawane, ukipanda peke yako watakula ya kwako tu.

Mbaazi mizizi yake inazama kwenye nyufa, inakaa zaidi ya mwaka ukiipunguza matawi, na kivuli chake chepesi kinasaidia tungule. Mimi kila mashimo manne ya tungule natia mbaazi moja.

Papai ndilo linaloleta pesa. Weka miche mitatu kila shimo, ikitoa maua utaijua dume kwa maua mengi madogo yanayoning'inia kwenye vikonyo virefu, ng'oa, bakisha jike moja. Dume bakisha moja tu kwa kila mashimo kumi au kumi na tano.

Tungule na pilipili panda vuli, Oktoba, kama una maji ya karibu. Masika yenyewe tungule zinaoza kwa unyevu, hilo huku na kwengine ni sawa. Pasheni iache ipande ukuta wa mawe, inaupenda.

## Hatua ya 8: Panda, funika, mwagilia kidogo kidogo

Panda baada ya mvua mbili kubwa, siyo ile ya kwanza. Mvua ya kwanza ya Machi inadanganya, inaotesha mbegu kisha jua linarudi siku kumi. Chimbua kidole chote kikiingia kwenye unyevu ndo unapanda. Kunde mbegu tatu kila kishimo, kina cha vidole viwili, kisha bakisha miche miwili. Na siku za mwanzo kaa macho na kunguru, anafukua mbegu moja moja kwa mstari.

Miche ikifika shibiri funika ardhi yote ya sahani kwa majani makavu au makuti yaliyokatwa, unene wa kiganja. Juu yake tandaza safu moja ya zile changarawe ulizoziweka. Majani yanazuia joto, changarawe zinazuia upepo usiyapeperushe. Acha nafasi ya vidole vinne kutoka kwenye shina, jiwe likipata jua la mchana linaunguza shina changa na mchwa wanapata njia.

Mvua ikikatika usimwage ndoo nzima kwa mara moja. Udongo wenye mawe hauna uwezo wa kuweka akiba, ndoo nzima nusu yake inapita chini ndani ya saa moja na inakwenda na mbolea yako. Nusu ndoo jioni kila siku ya pili ni bora kuliko ndoo mbili kwa wiki.

Njia nzuri zaidi ni chupa. Toboa kifuniko cha chupa ya lita moja na nusu kwa sindano, kata kitako, ichomeke kichwa chini pembeni ya mche kiganja kimoja kwenda chini, jaza maji. Inadondoka usiku kucha. Papai dogo linataka chupa mbili, tungule chupa moja. Tundu likiziba kwa chokaa lichokoe, maji yetu ya visima yana chokaa litaziba tu. Na yaonje maji kabla, ukihisi chumvi ulimini usimwagilie pilipili, haistahamili chumvi.

Mafanikio: saa nane mchana mmea umelegea kidogo, magharibi umesimama. Ukiukuta alfajiri bado umelegea, maji hayatoshi.

## Hatua ya 9: Samadi kidogo, mara nyingi

Kila wiki tatu weka kata mbili za samadi iliyooza chini ya yale majani ya kufunikia, kila shimo. Mbolea ya dukani gawa mara nne kile ambacho mwengine angetia mara moja. Ni ile ile sababu, hapana pa kuweka akiba.

Hapa nawaomba kwa dhati: jiwe letu limejaa nyufa na mapango, na maji tunayokunywa vijijini yamo humo humo chini. Unachomwaga juu hakichujwi, kinashuka moja kwa moja. Kwa hiyo rundo la samadi, dawa za wadudu, kuosha bomba la kupigia dawa, vyote viwe mbali na kisima na mbali na mdomo wa pango lolote, na usioshee wala usimwage dawa iliyobaki kwenye shimo ulilojua kwamba linameza maji. Wenye visima ndo majirani zako na watoto wako.

## Hatua ya 10: Sehemu isiyolimika isikae bure

Zile alama za chini ya shibiri moja ni sehemu kubwa ya kipande, na zina faida yake.

Malisho: majani ya uwanda ni mafupi lakini mbuzi na ng'ombe wanayapenda baada ya mvua. Funga mnyama mahala pamoja siku mbili au tatu kisha mhamishe, usimrudishe hapo mpaka majani yafike kifundo cha mguu. Ukimwacha wiki nzima anang'oa mpaka mizizi, mvua inachukua udongo na unabaki na jiwe jeupe. Usiku mlaze zizini kandokando ya mashimo ili samadi ipatikane karibu.

Nyuki: vichaka vya uwanda vina maua kwa zamu, mizinga miwili mitatu chini ya mkwaju haitaki udongo wowote. Iweke mbali na njia.

Miti: mwarobaini na mkwaju inaota penye nyufa. Panda mwanzo wa masika, mwaka wa kwanza tu umwagilie.

Kuchimba kokoto na mawe ya kujengea, watu watakuja kukuomba, na pesa yake ni ya haraka. Kwanza kunataka kibali. Pili ukishachimba ile tabaka ya juu hapaoti tena jani maisha yako yote, kwa hiyo kama lazima uuze, toa pale ambapo tayari ni jiwe tupu na usisogee kwenye vijiti.

## Mwaka wa pili

Shimo lililotoa tungule au pilipili, msimu unaofuata tia kunde. Lililotoa mtama tia choroko. Papai linakaa miaka mitatu hivi, likizeeka likate, shina livunjevunje lioze humo humo shimoni, na papai jipya liende shimo la pembeni.

Vijiti vinaliwa na mchwa, kwa hiyo kabla havijaanguka weka jiwe moja jeupe kubwa kila penye shimo. Majani ya masika yakiota hutayaona mashimo yako tena, na mtaimbo hutaki kuupiga shamba zima mara ya pili. Kila Januari toa makumbi yaliyooza, tia mengine, ongeza ndoo moja ya samadi na udongo uliojikusanya kwenye nusu duara. Pima tena kwa mtaimbo kina cha shimo, kila mwaka kitakuwa kimeongezeka kidogo.